Sauti iliyojaza ukumbi inakwama vipi darasani?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwimbaji wa opera, sauti ya kwanza. Nimeimba kwenye kwaya ya jumba la opera Ujerumani miaka tisa, mwaka juzi nikarudi Tabora kumuuguza mama. Sasa nafundisha shule ya msingi ya binafsi: darasa la tatu, watoto 94, na kwaya ya shule mara mbili kwa wiki. Kule nilikuwa naimba saa tatu bila maiki, okestra nzima inapiga, na kesho yake naamka na sauti yangu. Hapa ikifika Alhamisi naongea kama chura. Nimekunywa asali na tangawizi, nimejaribu kunong'ona, wapi. Jambo la pili, watoto wananiiga. Mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba mwanawe anaunguruma nyumbani mpaka koo linamuuma. Mwalimu mkuu ameniuliza kama opera inaharibu sauti za watoto, nikakosa jibu. Je, nichague sauti yangu au kazi?"*

Marahaba, mwalimu. Na pole kwa kuuguza.

Nianze na hilo la mwisho maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hujafika mahali pa kuchagua. Sauti inayokauka Alhamisi na kurudi Jumapili ni sauti iliyochoka, na kuchoka kuna dawa. Ikiacha kurudi Jumapili, hayo yatakuwa mazungumzo mengine, nami nitayafikia huko chini.

Unachoshangaa wewe kinawashangaza karibu waimbaji wote waliosomea wanaoingia darasani. Wanaamini sauti iliyofunzwa haichoki. Tena majirani nao wanachochea: "Huyu si ndiye aliyekuwa anaimba Ulaya? Mbona watoto tu wanamshinda?" Mwalimu, umefunzwa kuimba. Sidhani kuna aliyekufunza kuongea saa sita mfululizo ndani ya kelele, na hizo ni kazi mbili tofauti ingawa chombo ni kimoja.

Angalia jumba la opera linakupa nini. Sanaa hii ya mchezo wa kuigiza unaoimbwa ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, na jumba la kwanza la kulipia kiingilio lilifunguliwa Venice mwaka 1637. Tangu hapo waimbaji wameimba ndani ya kuta zinazowarudishia sauti, na siku hizi mbele ya watu waliolipa na kunyamaza. Kabla ya onyesho unapasha sauti. Ukishaimba kipande chako unatoka, wengine wanaimba, wewe umekaa kimya nyuma ya pazia. Katika zile saa tatu ulizoniandikia, hebu kaa uhesabu ni dakika ngapi hasa kinywa chako kilikuwa wazi. Kwa mwanakwaya zinaweza zisifike hata arobaini.

Darasani unafungua kinywa saa mbili kasorobo mstarini, nje, hewa bado baridi, hujapasha chochote. Nje hakuna ukuta wa kukusaidia: kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtoto aliye mita 16 anapata desibeli 12 pungufu ya aliye mita 4, na wewe unataka wote wasikie. Kisha mnaingia darasani chini ya bati. Watoto 94 hata wakiwa na adabu ya malaika, kule kuhema tu, kukwaruza madawati na kufunua madaftari ni kelele. Hapo kunatokea jambo ambalo daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake: binadamu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujua na bila kuamua. Wewe unapaza, nao wanapaza juu yako, unapaza tena. Ikifika saa nne asubuhi mnashindana, na hakuna aliyetangaza mashindano.

Sasa tuingie ndani ya koo. Nyuzi sauti ni mikunjo miwili ya nyama laini ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho shingoni, na ya mwanamke mzima urefu wake haupiti sana kucha ya kidole chako kidogo. Hewa ikipita, zinagongana na kuachana. Mwanamke akiongea kawaida zinagongana kama mara 200 kwa sekunde. Saa moja ya sauti halisi ni migongano 720,000. Ukipaza sauti, idadi hiyo nayo inapanda. Tuseme imefika 280, saa ile ile inakuwa migongano 1,008,000, na kila mmoja ni mzito zaidi ya ule wa kuongea taratibu. Piga makofi namna hiyo uone viganja vitafanyaje. Vitavimba. Nyuzi nazo huvimba, zinakuwa nzito, hazikutani vizuri, hewa inavuja katikati. Hicho ndicho chura unachokisikia Alhamisi. Zikiendelea kupigwa miezi na miaka bila kupumzika, sehemu zinapogongana sana huota vinundu, vigumu kama sugu ya mpini wa jembe.

Jukwaani hukuishinda okestra kwa nguvu, na hili naomba ulishike maana ndilo litakalokuokoa. Vyombo vya okestra kwa pamoja vina nguvu nyingi karibu na hezi 500, yaani mitikisiko 500 kwa sekunde, na zaidi ya hapo vinapungua. Mwimbaji aliyefunzwa hupanga koo na mdomo mpaka sauti yake ikusanye nguvu karibu na hezi 3,000, mahali okestra ni dhaifu na sikio la mtu ni kali. Ninyi wa sauti ya kwanza mkipanda juu kabisa mna ujanja mwingine, mnafungua taya ili mwangwi wa kinywa uifuate noti. Kwa vyovyote mlipita kwenye upenyo. Wavuvi wetu hapa Kigoma wanaujua upenyo huo bila kuusomea. Nenda Kibirizi jioni mitumbwi inapotoka: hakuna anayemwita mwenzake kwa kukemea, utasikia "uuuu" ndefu, ya juu, nyembamba, na inafika mbali. Lakini wewe ukisema "Kaeni chini!" mara ya tano, hakuna upenyo, hakuna pumzi, kuna koo tu lililokazwa.

Kwa hiyo tengeneza siku yako. Asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, chukua mrija wa soda, tia ncha yake ndani ya glasi ya maji kina cha vidole viwili, upulize huku unatoa sauti, maji yabubujike. Panda na kushuka taratibu, dakika tano. Ule mgandamizo mdogo wa maji unarudisha hewa nyuma na kuzisaidia nyuzi zikutane bila kupigana. Rudia dakika mbili wakati wa mapumziko, na dakika mbili ukitoka kazini. Wanaokuona watacheka wiki ya kwanza.

Mstarini tumia kengele, tumia filimbi, au mpe kiranja sauti yake ifanye kazi. Darasani usianze kuongea mpaka wamenyamaza, na usiwanyamazishe kwa sauti. Piga makofi mdundo, wakujibu kwa makofi. Wewe ni mwanamuziki, hapo una mtaji ambao mwalimu wa hesabu hana: noti moja ndogo, "mm", inayoinuliwa na mkono, na darasa zima linaidaka na kunyamaza nayo. Mvua ikianza kupiga bati, acha. Andika ubaoni, wape kazi, zunguka kati ya madawati. Bati halijawahi kushindwa na mwalimu.

Kuhusu spika ndogo ya kufunga kiunoni na maiki ya kichwani, najua waimbaji wa opera mnaiona kama aibu, mmefunzwa kwamba maiki ni ya wengine. Kwa maoni yangu, kwa darasa la watoto 94 hiki ndicho kifaa kitakachokusaidia kuliko vyote, kushinda hata mazoezi yangu. Ubaya wake upo: nyingine zinakoroma, betri inakwisha, na ukiongea kwa nguvu ile ile hujapata chochote. Inataka uongee kama unaongea na mtu wa kiti cha pili. Iache kwa masomo ya kawaida, kwenye kwaya usiitumie.

Asali nayo. Nakuhurumia kukwambia hili ukiwa Tabora, penye asali inayosifiwa nchi nzima, lakini asali haizigusi nyuzi zako. Unapomeza, kidakatonge kinafunika njia ya hewa na kila kitu kinapita nyuma kwenda tumboni. Kingeshukia kwenye nyuzi ungepaliwa. Asali na tangawizi vinatuliza koo la juu, vinalainisha mate, unajisikia vizuri, na hiyo si dhambi. Ila usijisikie vizuri ukaenda kupiga kelele tena. Maji yanasaidia, kwa kuzunguka mwilini kwanza, kwa hiyo ni ya kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Mayai mabichi acha kabisa.

Kunong'ona kwa nguvu ili darasa likusikie kunalikaza zoloto vile vile. Mapumziko ya sauti ni kunyamaza. Muda wa saa moja kila mchana, na Jumamosi asubuhi, usiongee. Mama ataelewa ukimwambia.

Na mambo mawili ya Tabora kwenyewe. Kiangazi, Juni mpaka Oktoba, hewa inakauka na vumbi linatembea, nyuzi nazo zinakauka kama midomo. Futa ubao kwa kitambaa kibichi, na ukiwa kitandani au wakati wa kumhudumia mama vuta mvuke wa maji ya moto kwa tahadhari, bila kutia mafuta makali. La pili, kama unakula saa nne usiku kwa sababu ya uuguzi na kulala papo hapo, tindikali ya tumbo inaweza kupanda mpaka kwenye zoloto ukiwa usingizini, hata bila kiungulia. Sauti nzito ya asubuhi inayosafika kufikia mchana ni dalili yake mojawapo. Yako inaharibika mchana na jioni, kwa hiyo sidhani ndilo tatizo, ila lichunguze.

Sasa watoto. Mwambie mwalimu mkuu kwamba kumwiga mtu mzima mwenye sauti kubwa kunaweza kuwaumiza, na kufundishwa na mtu anayeijua sauti kunaweza kuwakinga. Ni mtu mmoja katika hali zote mbili, kinachobadilika ni unachowapa.

Niseme kosa langu kwanza. Miaka iliyopita nilikuwa na kwaya ya watoto hapa Kigoma, tukaenda mashindanoni. Nikataka watetemeshe ukumbi. Nilianzisha wimbo chini, ufunguo ulionifaa mimi, nikawaambia "Toeni sauti!" Wakatoa. Kijana mmoja mbele alikuwa amesimamisha mishipa ya shingo kama kamba ya nanga, kidevu kimechomoza. Tukashinda. Wiki mbili baadaye nusu ya watoto walikuwa bado wanakwaruza, na yule wa mbele hakupenda kuimba tena mpaka alipohama. Kombe lile sijui liko wapi.

Nyuzi za mtoto wa miaka minane au tisa ni fupi kuliko zako, na ndani yake tabaka zinazompa mtu mzima uimara hazijakamilika; hukamilika balehe inapoishia. Koo lake ni dogo, halina nafasi ya kukusanya ule mwangwi wa hezi 3,000. Akisikia sauti yako nene na ya mviringo, anaitafuta kwa njia pekee aliyo nayo: anasukuma shina la ulimi chini, anakandamiza zoloto, anaunguruma. Huyo ndiye mtoto wa yule mzazi. Ameiga matokeo bila chombo, mfano wa mtoto anayevaa viatu vya baba.

Kwa hiyo usiwaimbie kwa sauti ya jukwaani unapowafundisha wimbo. Imba nyembamba, nyepesi, bila mtetemo. Mtetemo wako unapanda na kushuka mara tano mpaka saba kwa sekunde kuizunguka noti, nawe unasikia noti moja, ila mtoto anayejifunza kushika noti hajui ashike ya juu au ya chini. Darasa la kwanza hadi la tatu waanzishie juu ya C ya kati ya kinanda: D mpaka A ndipo wanapostarehe, B kwa kupita. Wengi wetu tunaanzisha chini ya hapo kwa sababu ndipo sisi watu wazima tunapoongelea, halafu tunasema watoto hawajui kuimba. Wavulana wa darasa la saba ambao sauti imeanza kuvunjika, wape mstari mfupi wa katikati, wala usiwacheke wala kuwalazimisha juu.

Una zana tatu ambazo hazikuhitaji kusafiri. Ya kwanza ni irabu zetu. Kiswahili kina irabu tano safi, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, ndiyo maana Mswahili akianza kuimba Kiitaliano hapati taabu wanayopata Waingereza. Ya pili ni "ng'". Walimu wako wa Ujerumani bila shaka walikuhangaisha na sauti hiyo, nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini, mwangwi unapanda puani. Hapa kila mtoto anaijua: sema "ng'ombe", ukwame kwenye "ng'", sasa panda nayo na kushuka. Hawezi kuunguruma akiwa hapo, jaribu uone. Kisha afungue: ng'-oo. Ya tatu ni do-re-mi. Nota za herufi wanazosoma wanakwaya wa makanisani Tabora zilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiboresha mfumo wa mwalimu wa Norwich, Sarah Glover. Ishara za mkono za Curwen zilichukuliwa baadaye Hungaria na wafuasi wa Kodály, mtunzi wa muziki wa huko, kufundishia shule za msingi. Unaweza kuongoza watoto 94 kwa mkono mmoja, do kiunoni, la usawa wa macho, wewe kinywa umefunga. Faida ni mara mbili: wao wanajenga sikio, wewe unapumzisha koo.

Na sauti ile kubwa usiwafiche. Mara moja kwa muhula wakalishe chini, waambie "leo mnasikiliza tu", uwaimbie kipande kimoja kama unavyoimba kule. Waeleze kwamba hii ni sauti ya mwili wa mtu mzima aliyefanya mazoezi miaka mingi. Watoto wanaelewa hayo kuliko tunavyodhani. Hakuna anayejaribu kuendesha lori kwa sababu kaliona likipita.

Umeniuliza kuhusu kazi. Kufundisha watoto si daraja la walioshindwa. Waimbaji wengi duniani wanalipwa kwa onyesho, na wanafundisha ili kodi ya nyumba ilipike. Leontyne Price, Mmarekani aliyekuja kuwa mmoja wa masoprano (waimbaji wa sauti ya kwanza) wakubwa wa karne iliyopita, alisomea kuwa mwalimu wa muziki wa shule kule Ohio kabla ya kwenda chuo cha muziki cha Juilliard, na aliingia Metropolitan Opera ya New York mwaka 1961. Lakini sitakudanganya: kulinda sauti ya jukwaani huku ukishika darasa la watoto 94 masomo yote ni vigumu. Kama shule inaweza kukupa muziki madarasa yote, ukabadilishana vipindi na mwenzako, omba. Kama haiwezi, anza na spika na mrija, ujipe wiki sita.

Hospitali uende lini? Sauti ikikaa imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila kurudi hata baada ya likizo fupi, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwako ni Kitete, uombe kuandikiwa daktari wa masikio, pua na koo, ikibidi Bugando au Muhimbili. Mwambie unataka nyuzi zionekane kwa kamera, usikubali vidonge vya kukisia mwezi baada ya mwezi. Usisubiri wiki tatu kama unameza kwa maumivu, unatema damu, una uvimbe shingoni, unapungua uzito au pumzi inabana. Na ikiwa sauti imekatika ghafla katikati ya wimbo, nyamaza hapo hapo na uende siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mshipa mdogo umepasuka kwenye uzi.

Kwa mtoto wa yule mzazi, kwanza usikilize anavyohema. Mtoto ambaye sauti yake imekwaruza muda mrefu na pumzi yake ina mlio, hasa usiku, apelekwe hospitali haraka, maana kuna vinyama vinavyoota kwenye zoloto la watoto na havihusiani na kuimba. Kama pumzi ni safi na koo linauma baada ya kuunguruma tu, mwite na mzazi wake dakika kumi, mfundishe "ng'ombe" mbele ya mama yake, na umpe kazi ya kuwaonyesha wenzake kwenye kwaya.

Niandikie baada ya hizo wiki sita. Uniambie Alhamisi ilikuwaje.